Uwanja Mdogo, Watu Wachache: Mwongozo wa Kucheza Chandimu, Futsali na Soka la Ufukweni Mtwara na Lindi

Watu wengi wakitaka kucheza mpira huanza kwa kutafuta wachezaji ishirini na wawili na uwanja mkubwa. Wakivikosa, wanaahirisha mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo mambo ni yaleyale. Mtwara tuna Nangwanda Sijaona, Lindi mjini kuna Ilulu, Ruangwa kuna Majaliwa, lakini hivyo ni viwanja vya ligi. Mtoto wa Chikongola au Magomeni hawezi kuamka tu akaenda kuchezea pale. Alichonacho ni kiwanja cha nyuma ya shule, sakafu ya netiboli, kipande cha ufukwe maji yakikupwa, au uwazi ulioachwa kati ya mikorosho. Mwongozo huu ni wa kuvitumia hivyo alivyonavyo, na kuvitumia vizuri.

Nina msimamo mmoja katika haya yote: mchezo uchaguliwe kwa kuangalia ardhi na idadi ya watu. Mpira wa watano una sheria zake, goli lake na hata mpira wake, na mtu akiucheza kwa akili ya kumi na mmoja kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kukisia, unageuka fujo. Ukipimwa sawasawa na sheria zikafuatwa, kila mtu anagusa mpira, wa mwisho kuchaguliwa akiwemo.

Hatua ya kwanza: hesabu watu, kisha tazama ardhi

Anza na watu waliofika kweli. Walioahidi wasubiri kuhesabiwa wakitokea. Halafu tembea kwenye kiwanja chote ukiangalia chini: mawe, visiki, vioo, mteremko, mtaro. Kiwanja chenye mteremko mkali cheza kwa upana wake, ili mpira usikimbilie upande mmoja muda wote.

Ukubwa wa kiwanja una hesabu yake. Uwanja mkubwa wa mita 105 kwa 68 unampa kila mchezaji kati ya wale 22 kama mita za mraba 325. Futsali, mpira wa watano wa sakafuni, kwenye uwanja wa mita 40 kwa 20 inampa kila mmoja mita 80. Soka la ufukweni linampa chini kidogo ya 100. Kwa chandimu, mpira wa mtaani wa vigoli vidogo, ya wanne kwa wanne, mita 25 kwa 16 zinatoa 50 kwa kila mtu, na hapo mchezo unakuwa wa kubanana, wa pasi fupi na chenga za haraka. Kwa hiyo ukitaka watu wajifunze kukokota na kupiga chenga, banisha kiwanja. Ukitaka wakimbie na kupiga pasi ndefu, panua. Kwa kusogeza alama hatua chache tu, mwalimu anabadilisha somo zima bila kusema neno.

Kwa kukadiria haraka:

- Watu 6 hadi 8: chandimu ya watatu au wanne, bila kipa, mita 20 hadi 25 kwa 12 hadi 16.
- Watu 10 hadi 14 na sakafu ngumu: futsali, na wanaozidi wawe akiba wa kuingia na kutoka.
- Watu 10 hadi 14 na mchanga: soka la ufukweni.
- Watu 14 hadi 20 na nusu ya uwanja mkubwa: saba kwa saba.

Wakifika 28 na uwanja mkubwa mnao, kuna njia nzuri ambayo haitumiki vya kutosha. Gawa uwanja kwenye mstari wa kati, halafu kila nusu ichezwe kwa upande: upana wa uwanja unakuwa urefu wa kiwanja kipya. Uwanja wa mita 100 kwa 64 unatoa viwanja viwili vya mita 64 kwa 45 na bado inabaki nafasi ya mita 10 katikati. Watu 28 wanacheza kwa pamoja mahali ambapo 22 wangecheza na sita wangekaa wakitazama.

Suala la ruhusa limalizwe hapahapa. Shuleni zungumza na mwalimu mkuu, mtaani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ufukwe wa Msimbati umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hivyo kabla ya kuchimbia mti wowote pale waone viongozi wa kijiji na watu wa hifadhi. Na msimu wa kuokota korosho ukifika, usipeleke vijana kucheza chini ya mikorosho ya mtu. Korosho zikikanyagwa ni ugomvi, na mwenye shamba ana haki.

Hatua ya pili: pima kwa kamba

Hatua za miguu zinadanganya. Mrefu akipima urefu na mfupi akapima upana, kiwanja kinatoka kibaya, na lawama zinaanza mechi ikifika dakika ya tano. Tafuta kamba isiyovutika. Ya katani inafaa, ila ikilowa hujikunja na kuwa fupi, kwa hiyo ipime upya kila baada ya mvua. Chukua tepu ya fundi, weka fundo kila mita 5 mpaka ufike mita 40.

Kona ndiyo inayowashinda wengi. Uwanja unaonekana mraba ukiusimamia, kumbe upande mmoja umepinda na goli moja linatazama kando. Fanya hivi. Chukua kamba ya mita 12, funga ncha zake mbili pamoja, na hapo palipofungwa paite sifuri. Tia alama kwenye mita 3 na mita 7. Mtu wa kwanza ashike sifuri, wa pili ashike alama ya 3, wa tatu ashike alama ya 7, kisha wote watatu warudi nyuma mpaka kamba ikaze pande zote. Pale aliposimama mwenye alama ya 3 ndipo penye kona, na ni kona iliyonyooka. Mafundi ujenzi wanaitumia kila wanapoweka msingi wa nyumba, kwa hiyo mtaani kwenu hakosekani wa kuwaonyesha. Rudia kona ya pili, halafu vuta mistari kwa kamba mpaka zitimie nne.

Alama za mistari: kwenye udongo tumia majivu au chokaa ya kupakia nyumba, na watoto wasimwage chokaa kwa mikono mitupu wala kujifuta nayo usoni. Kwenye mchanga uliolowa, mtu mmoja anavuta fimbo nyuma ya kamba na mstari unabaki mechi nzima. Kwenye mchanga mkavu mstari unafutika papo hapo, kwa hiyo laza kamba au utepe na uchimbie ncha zake. Kwenye sakafu, chaki inatosha kwa jioni moja.

Hatua ya tatu: magoli na mpira

Goli la futsali ni mita 3 kwa upana na mita 2 kwa kimo. La ufukweni ni kubwa zaidi, mita 5.5 kwa 2.2. La saba kwa saba, mita 5 kwa 2 linatosha. Chandimu isiyo na kipa inataka kigoli cha mita 1 hadi 1.5 tu. Mawe na ndala vinafaa kwa chandimu. Kwa mashindano vinaleta ubishi usiokwisha wa mpira uliopita juu, kwa hiyo weka miti.

Mirunda au mianzi mikavu iliyonyooka inatosha. Kwenye udongo chimbia sentimita 60, shindilia kwa mawe, kisha funga mti wa juu kwa kamba. Kwenye sakafu huwezi kuchimba, kwa hiyo tengeneza fremu ya mbao yenye miguu inayorudi nyuma, na juu ya kila mguu wa nyuma weka viroba viwili vilivyojaa mchanga. Jambo hili lisipuuzwe kabisa. Goli lisiloshikizwa huanguka mtoto akiliningʼinia, na mti wa juu ukimpiga kichwani unaweza kumuua. Kabla ya kila mchezo, mtu mzima alivute goli kwa nguvu zake zote kwenda mbele. Likisogea, halichezewi.

Nyavu tunazo nyingi. Pita kwa wavuvi Mikindani au pale Lindi wanapoegesha vyombo, uliza nyavu kuukuu. Chagua yenye matundu ya kadiri. Ile ya dagaa inakamata upepo na kulisukuma goli, na ya matundu makubwa sana inaupitisha mpira.

Sasa mpira wenyewe. Mpira wa kawaida wa namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Wa futsali ni namba 4, mzingo wa sentimita 62 hadi 64, uzito wa gramu 400 hadi 440, na umetengenezwa usidunde sana. Usipoupata madukani, chukua namba 4 ya kawaida na uupunguze upepo. Kipimo ni hiki: simamisha mti wa mita 2 ukutani, weka alama sentimita 50 na sentimita 65 kutoka chini, achia mpira kutoka kileleni bila kuusukuma. Mdundo wa kwanza uishie kati ya alama hizo mbili. Ukizidi, toa upepo kidogo, jaribu tena. Tofauti utaiona hapohapo: mpira unaodunda hadi kiunoni sakafuni hautulii mguuni, watu wanaukimbiza tu, na ule uliotulizwa unabaki chini na pasi zinaonekana.

Hatua ya nne: chandimu, ya watatu au wanne

Chandimu kila mtaa una yake, na hilo ni zuri. Lakini kubalianeni mambo manne kabla mpira haujaguswa: mpira ukitoka unarudishwaje, goli linahesabiwa vipi, nani anaamua faulo, na timu zinabadilishanaje.

Mapendekezo yangu: mpira ukitoka urudishwe kwa mguu, chini, na usifungwe moja kwa moja. Mtu asisimame kwenye kigoli kuziba. Kuotea hakuna. Anayeona amechezewa faulo anyooshe mkono, na mwenzake akikataa mpira unadondoshwa kati yao. Mechi iwe ya magoli mawili au dakika saba, kinachotangulia, na aliyefungwa atoke. Timu ikishinda mara tatu mfululizo nayo itoke, la sivyo wakubwa wanne watabaki uwanjani mpaka magharibi na wadogo watarudi nyumbani hawajacheza.

Ukishaizoea, ibadilishe kulingana na unachotaka kufundisha:

1. Kugusa mara mbili tu. Anayegusa mara ya tatu anapoteza mpira. Inafundisha kutazama kabla ya kupokea.
2. Goli halihesabiwi mpaka wachezaji wote wa timu wawe wamevuka mstari wa kati. Inamlazimisha anayependa kusubiri nyuma atembee na wenzake.
3. Magoli manne, moja kwenye kila upande wa uwanja, kila timu ikishambulia mawili na kulinda mawili. Watoto wanajifunza kugeuza mchezo upande ambao hauna watu. Kwa umri wa miaka minane hadi kumi na mbili sijui zoezi bora kuliko hili.
4. Mchezaji huru. Mkiwa tisa, mmoja avae kizibao tofauti na acheze na timu yenye mpira, daima. Hapo mnakuwa watano dhidi ya wanne bila kumwacha mtu nje.

Tobo (kupitisha mpira kati ya miguu ya mtu) na kanzu (kuupitisha juu ya kichwa chake) ziachwe zihesabike kama ufundi. Kuna mitaa inampa bao mpiga tobo. Mimi siungi mkono, kwa sababu watu wanaacha kutafuta goli na kuanza kutafuta miguu ya wenzao.

Hatua ya tano: futsali

Huu ndio mchezo wenye sheria zilizokamilika kuliko yote ya uwanja mdogo. Ulianzia Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, mwalimu Juan Carlos Ceriani alipotaka vijana wake wacheze mpira kwenye viwanja vya kikapu. Historia hiyo inatufaa, maana sakafu nyingi tulizonazo ni za kikapu na netiboli. Sheria zinaruhusu uwanja wa mita 25 hadi 42 kwa urefu na 16 hadi 25 kwa upana katika mechi zisizo za kimataifa. Sakafu ya netiboli ina mita 30.5 kwa 15.25, ya kikapu 28 kwa 15. Zimepungua upana kidogo tu, na kwa bonanza la mtaa hilo halina shida. Ukibahatika kupata uwanja wa mpira wa mikono wa mita 40 kwa 20, hapo una kipimo kamili.

Lakini netiboli ina wenyewe. Shule nyingi sakafu hiyo ndiyo sehemu pekee ya michezo ya wasichana, na si haki vijana wa kiume waje na mpira wao wawasukume pembeni. Pangeni saa. Bora zaidi, wasichana nao wacheze futsali. Timu yetu ya taifa ya wanawake ilifika fainali ya Kombe la Afrika la futsali la kwanza kwa wanawake, Morocco, Aprili 2025, ikafuzu Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lililochezwa Ufilipino mwishoni mwa mwaka huohuo. Njia hiyo ipo wazi kwa binti wa Mtwara kama kwa mwingine yeyote, na inaanzia kwenye sakafu ya shule.

Namna unavyochezwa: kila timu ina watano, kipa akiwemo. Vipindi viwili vya dakika 20, na saa inasimamishwa kila mpira unapotoka. Mtaani bila mtunza saa wa pili, tumieni dakika 15 zisizosimama. Kila timu ina haki ya kuomba mapumziko ya dakika moja mara moja katika kila kipindi. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo na hakusubiri mpira usimame, ila anayetoka atoke kwanza ndipo anayeingia aingie, mbele ya benchi lake.

Kuotea hakuna. Mpira ukitoka pembeni hurudishwa kwa mguu kutoka kwenye mstari, na goli la moja kwa moja kutoka hapo halihesabiwi. Kipa anaanzisha kwa mkono mpira uliotolewa na wapinzani nje ya mstari wa goli.

Sheria ya sekunde nne ndiyo roho ya futsali. Kurudisha mpira wa pembeni, kona, mpira wa adhabu, kipa kuanzisha, kipa kukaa na mpira kwenye nusu yake, vyote sekunde nne. Refa anyanyue mkono juu na kuhesabu kwa vidole ili wote waone. Asihesabu haraka haraka: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" kwa mwendo wa kuzungumza unakaribia sekunde kila mara. Na kipa akishautoa mpira hawezi kurudishiwa kwenye nusu yake mpaka mpinzani awe ameugusa. Sheria hizi mbili zinaondoa kupoteza muda kabisa, na watu wanaocheza futsali kwa mara ya kwanza huchoka ndani ya dakika tano kwa sababu yake.

Jambo la pili la kusimamia ni hesabu ya faulo. Faulo za adhabu ya moja kwa moja zinahesabiwa kwa timu nzima katika kila kipindi. Tano za kwanza mnaruhusiwa kuweka ukuta. Kuanzia ya sita hakuna ukuta tena: mpigaji anapiga kutoka mita 10, yeye na kipa. Kipindi cha pili hesabu inaanza sifuri. Mtu wa mezani awe na vijiti kumi, vitano kila timu, na kila faulo aondoe kimoja waziwazi. Timu ikiona vijiti vyake vimeisha inaacha kukata miguu bila kuambiwa. Penalti ya kawaida ni mita 6. Aliyepewa kadi nyekundu harudi, na timu yake inaweza kuingiza mwingine baada ya dakika mbili, au mapema ikifungwa bao ikiwa na watu pungufu.

Kujipanga: anzeni na almasi, mmoja nyuma, wawili pembeni, mmoja mbele. Timu ambayo haijazoeana icheze wawili nyuma, wawili mbele, ni rahisi kukumbuka. Vyovyote vile, aliyetoa pasi asisimame kuitazama. Apige na kuondoka.

Kwenye saruji kila mtu avae viatu vyenye soli bapa, na kujitelezesha chini kumpokonya mtu mpira kukatazwe hata kama sheria rasmi hazikatazi moja kwa moja. Magoti ya watoto wetu hayana bima.

Hatua ya sita: soka la ufukweni

Hapa tuna mali ambayo Dodoma na Tabora hawana. Tanzania imeshacheza fainali za Afrika za mchezo huu, zikiwemo za 2018 nchini Misri, na mwambao wa kusini ulipaswa kuwa kitalu chake.

Kwanza elewa kuna michanga miwili. Ule mkavu wa juu, ambao maji hayafiki, ndio wa soka la ufukweni lenyewe: sheria za kimataifa zinataka kina cha sentimita 40 angalau. Ule mgumu uliolowa, maji yakikupwa, unafaa chandimu ya kukimbia, maana mpira unabiringika. Usivichanganye, ni michezo miwili.

Kwa mchanga uliolowa lazima ujue maji. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo kwenye pwani yetu maji hukupwa mno kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi, na hujaa alasiri, saa kumi kuelekea saa kumi na moja. Kwa hiyo ukipanga chandimu ya jioni siku ya bamvua utakuta bahari ndiyo iko uwanjani. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo wiki moja baadaye kupwa huangukia alasiri, ingawa ni maji mafu na hayaendi mbali. Hapo ndipo jioni zenu za mchanga mgumu. Anzeni saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kukupwa, malizeni saa moja baada yake. Muulizeni mvuvi wa pale pale, kila ufukwe una mkondo wake. Na jioni ya bamvua si ya kupoteza: pandeni juu kwenye mchanga mkavu.

Uwanja ni mita 35 hadi 37 kwa 26 hadi 28. Kabla ya kupima, wachezaji wote wapange mstari mmoja bega kwa bega, watembee kutoka mwanzo hadi mwisho wakiokota vioo, makombe, misumari ya mbao za vyombo na miba, halafu warudi kwa upana. Mchezo huu ni wa miguu mitupu, hivyo dakika kumi hizo hazikwepeki.

Wachezaji ni watano kila upande, kipa akiwemo, kubadilisha bila kikomo. Vipindi ni vitatu, dakika 12 kila kimoja. Mpira wa pembeni unaweza kurudishwa kwa mkono au kwa mguu, ndani ya sekunde nne. Faulo haina ukuta: njia ya kwenda golini huachwa wazi, anabaki kipa. Ndiyo maana mabao ni mengi. Eneo la hatari ni mita 9 kutoka golini na penalti hupigwa hapo. Sare hakuna. Mkitoshana nguvu ziongezwe dakika tatu, kisha penalti. Pointi nazo zina utaratibu wake: kushinda ndani ya muda wa kawaida ni 3, ndani ya nyongeza ni 2, kwa penalti ni 1.

Kosa la wageni wa mchanga ni kutaka kukokota. Mpira haubiringiki, kwa hiyo uinue: chota kwa vidole, tuliza kwa paja au kifua, piga mpira ungali hewani. Fanyeni danadana za wawili wawili kabla ya mechi, mpira usiguse chini. Tikitaka (kupiga mpira kwa kujipindua kinyumenyume hewani) inaruhusiwa na mchanga unapokea mgongo vizuri, ila fundisheni kutua kwa mabega na mikono iliyolegea kabla mtu hajajaribu kwenye mechi.

Hatua ya saba: saba kwa saba, na wa miaka hamsini

Saba kwa saba haina sheria moja ya dunia, kwa hiyo mnaandika zenu. Uwanja wa mita 55 hadi 65 kwa 35 hadi 45, dakika 20 au 25 kila kipindi, mpira wa namba 5, mpira wa kurusha kwa mikono kama kawaida. Kuotea kuondoeni, kwa sababu bila washika vibendera ni chanzo cha ugomvi tu. Mpango wa mabeki wawili, viungo watatu na mshambuliaji mmoja unawabeba wengi. Ni daraja zuri kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 kabla ya kupelekwa kumi na mmoja.

Wazee wetu nao wasiachwe wakikaa barazani. Upo mpira wa kutembea, ulioanza Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011: kukimbia ni faulo, kugongana hakuruhusiwi, mpira unabaki chini. Kiwanja cha futsali kinatosha, na baba aliyestaafu mpira kwa goti anarudi uwanjani bila kuliumiza zaidi.

Hatua ya nane: bonanza la alasiri moja

Timu sita, kiwanja kimoja. Kila mtu kucheza na mwenzake ni mechi 15, na kwa dakika 20 kila moja pamoja na mapumziko na kubadilishana, mnahitaji saa tano. Giza litawakuta. Fanyeni makundi mawili ya timu tatu: mechi tatu kila kundi, nusu fainali mbili, fainali moja, jumla tisa. Dakika saba kila kipindi, moja ya mapumziko, tano za kuingia na kutoka. Hizo ni saa tatu. Mkianza saa nane na nusu mchana, saa kumi na moja na nusu mmemaliza, jua bado lipo na wanaoswali magharibi wanawahi.

Mahitaji ya mezani: saa mbili, filimbi mbili, daftari, vijiti vya faulo, vizibao vya rangi mbili, ndoo ya maji safi yenye kikombe cha kuchotea na vikombe vya kunywea, pamba na bandeji. Marefa wawili, mmoja kila upande, wabadilishane kila mechi. Timu iliyomaliza mechi ndiyo iokote mipira ya mechi inayofuata.

Wakati wa Ramadhani pelekeni mechi baada ya tarawehe kama sakafu ina taa, na kama haina, acheni mpaka Sikukuu. Mwezi ambao minada ya korosho imelipa, watu wana fedha na ndondo, mashindano ya mtaani, za kuweka kiingilio zinachipuka kila kona. Kiingilio kiandikwe kwenye daftari mbele ya manahodha wote na zawadi itangazwe kabla ya mechi ya kwanza.

Sare ya nusu fainali au fainali iamuliwe kwa penalti tatu tatu kutoka mita 6, zikilingana moja moja mpaka apatikane mshindi. Wapigaji wasirudie mpaka wote watano wawe wamepiga, kipa akiwemo. Mkimaliza, ngʼoeni miti na kufukia mashimo jioni ileile, hasa ufukweni, kwa kuwa alfajiri wavuvi wanapita hapo na mizigo kichwani na hawatazami chini.